Charles Hamilton Houston: Mwalimu Aliyejenga Mawakili Kabla ya Kufungua Kesi

Kila Mei 17 inapofika na hukumu ya Brown ya mwaka 1954 ikakumbukwa, jina linalotajwa kwanza ni la Thurgood Marshall. Ni haki yake. Ndiye aliyeongoza mawakili walioishawishi Mahakama ya Juu ya Marekani kutamka, kwa kauli moja, kwamba kuwatenga watoto Weusi katika shule za umma ni kinyume cha Katiba. Lakini Marshall mwenyewe hakuchoka kusema kwamba wasingefika popote kama Charles Hamilton Houston asingetangulia kuweka msingi. Houston hakuiona siku hiyo. Alifariki Aprili 22, 1950, akiwa na umri wa miaka 54, mwili umechakazwa na kazi.

Wanaomkumbuka Houston humtaja zaidi kama wakili wa NAACP, chama kilichopigania haki za Weusi. Mimi naona kazi yake kubwa kuliko zote haikufanyika mahakamani. Ilifanyika darasani, kati ya 1929 na 1935, katika shule ya sheria ya Chuo Kikuu cha Howard, chuo cha Weusi jijini Washington, na ilikuwa na gharama ambayo wengi wanaomsifu huipita haraka. Bila kuielewa miaka ile sita, ushindi wa 1954 huonekana kama muujiza wa majaji tisa walioamka siku moja na moyo mwema. Haikuwa hivyo hata kidogo.

Alizaliwa Washington, Septemba 3, 1895. Alikuwa bado mtoto mchanga Mahakama ya Juu ilipotoa hukumu ya Plessy, Mei 1896, iliyosema kwamba serikali za majimbo zinaweza kuwatenga Weusi na Wazungu ilimradi huduma wanazopewa ziwe sawa. Baba yake, William, alikuwa wakili. Mtoto alisoma M Street, shule ya sekondari ya Weusi iliyosifika kwa walimu wake, kisha akaenda Chuo cha Amherst, Massachusetts, alikohitimu mwaka 1915 akiwa miongoni mwa wanafunzi bora wa darasa lake. Alirudi Washington kufundisha Kiingereza. Wakati huo sheria haikuwa ndoto yake.

Vita vya Kwanza vya Dunia ndivyo vilivyombadilisha. Alipata mafunzo ya uofisa katika kambi ya Fort Des Moines, Iowa, iliyotengwa kwa ajili ya Weusi, kisha akapelekwa Ufaransa. Huko, katika mji wa Vannes, yeye na maofisa wenzake Weusi walizingirwa usiku na kundi la askari Wazungu wa jeshi lao wenyewe, wakanusurika kuuawa. Baadaye aliandika kwamba aliapa akivuka vita salama atasomea sheria, ili asikutwe tena hajui haki zake, na autumie muda wake kuwapigania wasioweza kurudisha pigo. Ningependa msomaji aliangalie neno hilo la mwisho kwa makini. Mtu huyu aliingia katika sheria kama anayetafuta silaha, na maisha yake yote aliipima kwa kipimo hicho: je, inakata au haikati?

Harvard ilimpokea mwaka 1919. Akawa Mweusi wa kwanza kuchaguliwa katika bodi ya uhariri ya jarida la sheria la chuo hicho, nafasi iliyokuwa ya wanafunzi wachache waliofaulu zaidi. Akapata shahada yake 1922, na mwaka uliofuata udaktari wa sheria, akisimamiwa na Felix Frankfurter, ambaye baadaye angekaa katika Mahakama ya Juu na kuwa mmoja wa majaji tisa wa Brown. Akasoma kwa muda Madrid, akarejea nyumbani mwaka 1924 kufanya kazi katika ofisi ya baba yake na kufundisha Howard.

Sasa tufike kwenye shule yenyewe.

Shule ya sheria ya Howard ilikuwa ya jioni. Wanafunzi wake wengi walikuwa makarani na wahudumu katika ofisi za serikali, watu wenye familia, waliotoka kazini wakaenda darasani wamechoka. Walimu nao walikuwa mawakili na mahakimu waliofundisha baada ya shughuli zao. Kwa miongo kadhaa shule hiyo ilikuwa imetoa sehemu kubwa ya mawakili Weusi wa nchi nzima. Hata hivyo haikuwa imeidhinishwa na Chama cha Mawakili cha Marekani. Inasimuliwa kwamba Jaji Louis Brandeis wa Mahakama ya Juu alimwambia Mordecai Johnson, rais wa kwanza Mweusi wa Howard, kwamba akisoma hoja za maandishi zinazofika mezani kwake huweza kutambua ipi imeandikwa na wakili Mweusi, na kwamba chuo kinapaswa kuwa na shule ya sheria ya kutwa yenye walimu wa kudumu. Ni maneno ya kuumiza. Johnson hakuyajibu kwa hasira. Alimpa kazi Houston.

Cheo chake rasmi kuanzia 1929 kilikuwa makamu mkuu wa shule, ingawa ndiye aliyeiendesha. Aliyafuta masomo ya jioni. Akapandisha masharti ya kujiunga, akaongeza maktaba, akaajiri vijana wenye elimu ya juu kama William Hastie, naye pia wa Harvard, ambaye mwaka 1937 angekuwa Mweusi wa kwanza kuwa jaji wa mahakama ya shirikisho. Kufikia mwisho wa 1931 shule ilikuwa imeidhinishwa na Chama cha Mawakili na kukubaliwa katika umoja wa shule za sheria nchini. Miaka miwili tu.

Lakini wale makarani wa jioni walikwenda wapi? Hapa ndipo gharama ilipo. Mtu mwenye watoto hangeweza kuacha kazi akasome mchana. Wahitimu wa zamani walilalamika kwamba Houston, aliyezaliwa katika nyumba ya wakili na kusoma katika vyuo vya matajiri, aliufunga mlango ambao wao walipitia. Idadi ya wanafunzi ilishuka. Katika jamii yenye mawakili wachache kiasi kile, hasa katika majimbo ya kusini ambako Weusi wengi waliishi, kupunguza wahitimu kulionekana kama kujinyonga. Sidhani waliolalamika walikuwa wajinga wala wavivu. Walikuwa wanatetea ngazi pekee waliyokuwa nayo.

Hata hivyo naamini Houston alikuwa sahihi, na sababu yake haikuwa fahari ya cheti. Katika mahakama za kusini, wakili Mweusi alisimama mbele ya jaji Mzungu, mwendesha mashtaka Mzungu na baraza la wazee wa mahakama lenye Wazungu watupu. Kosa dogo la utaratibu, hati iliyochelewa siku moja, pingamizi ambalo halikuwekwa kwa wakati, vilitosha kuizika rufaa kabla haijazaliwa. Wakili Mzungu aliyekosea alipoteza kesi. Wakili Mweusi aliyekosea alithibitisha, machoni pa waliotaka kuthibitishiwa, kwamba watu wake hawaiwezi kazi hiyo. Houston aliwafundisha vijana wake kwa mizani hiyo isiyo ya haki, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ikiwasubiri nje. Wakamwita Viatu vya Chuma.

Marshall aliingia Howard mwaka 1930. Alikuwa akitoka Baltimore kwa treni kila siku, kwa sababu shule ya sheria ya Chuo Kikuu cha Maryland, iliyokuwa mjini kwao, haikuwa ikipokea Weusi. Alisimulia jinsi Houston alivyowaambia siku za mwanzo watazame kushoto na kulia kwao, kwa maana mwaka ujao wengi wa wale wanaowaona hawatakuwapo. Houston aliwapeleka wanafunzi mahakamani, vituo vya polisi na magerezani. Aliwaalika darasani watu wa uzito wa Clarence Darrow, wakili mashuhuri wa utetezi, na Roscoe Pound, mkuu wa shule ya sheria ya Harvard. Aliwaambia kwamba wakili ama ni mhandisi wa jamii, ama ni kupe anayeinyonya. Hakuacha nafasi ya katikati, na hilo linanigusa kila ninapolisoma, kwa sababu hiyo nafasi ya katikati ndiko mawakili wengi, wa nchi yoyote, hupenda kuishi.

Mwaka 1933 Marshall alihitimu wa kwanza darasani. Wa pili alikuwa rafiki yake Oliver Hill wa Virginia. Majina hayo mawili tuyaweke akilini.

Mwaka huohuo Houston alipimwa yeye mwenyewe. Katika Kaunti ya Loudoun, Virginia, mwanamume Mweusi aitwaye George Crawford alishtakiwa kwa mauaji ya wanawake wawili Wazungu. Houston aliongoza utetezi akiwa na mawakili Weusi watupu, jambo geni kabisa katika mahakama ile. Crawford alitiwa hatiani lakini hakuhukumiwa kifo, alifungwa maisha. Kwa Virginia ya 1933 huo ulikuwa ushindi wa aina yake. Wakosoaji wa mrengo wa kushoto walimshambulia Houston kwa kutokata rufaa juu ya kukosekana kwa Weusi katika baraza la mahakama. Yeye aliona kesi mpya ingeweza kumpeleka mteja wake kwenye kiti cha umeme, na hakuwa tayari kuiweka shingo ya mtu rehani ili apate hoja nzuri ya kikatiba. Nafikiri uamuzi ule unamweleza zaidi kuliko ushindi wake mwingi. Mkakati ulikuwa muhimu kwake, ila mteja alikuwa mtu kwanza.

Mkakati wenyewe aliuanza rasmi 1935 alipoondoka Howard kuwa wakili mkuu wa NAACP. Hapa pana hoja ambayo watu huielewa vibaya. Houston hakuanza kwa kusema utengano ni haramu. Alianza kwa kuikubali kauli ya Plessy kwa muda na kuidai itekelezwe: mmesema sawa, basi tuonyesheni usawa. Alizunguka South Carolina na kamera ya filamu, akapiga picha za shule za Wazungu na za Weusi, mabanda ya mbao upande mmoja na majengo ya matofali upande wa pili. Alisafiri na Marshall katika majimbo ya kusini, wakilala nyumba za watu kwa kuwa hoteli hazikuwapokea, wakikusanya ushahidi huku wakiwafundisha wananchi namna ya kudai.

Wapo waliouliza wakati ule, na wapo wanaouliza hadi leo, kama njia hiyo haikuwa ya woga. Kwa nini uombe shule bora iliyotengwa badala ya kuukataa utengano moja kwa moja? Na kwa upande wa pili W.E.B. Du Bois, mwanazuoni mkubwa kuliko wote wa Weusi wa zama zile, aliandika mwaka 1935 kwamba mtoto Mweusi anahitaji elimu nzuri kuliko kukaa darasa moja na mtoto wa Mzungu. Shule iliyochanganywa yenye walimu wanaomdharau haitamsaidia. Houston alikuwa amebanwa pande zote mbili.

Jibu lake lilikuwa katika mahali alipochagua kuanzia. Hakuanza na shule za msingi, ambako hofu za Wazungu zilikuwa kali. Alianza na shule za sheria. Kwanza, waombaji walikuwa wachache, kwa hiyo jimbo halingeweza kudai kwamba litafurikwa. Pili, kujenga shule nzima ya sheria kwa ajili ya kijana mmoja au wawili ni gharama inayomchekesha hata mbaguzi anayelipa kodi. Tatu, na hapa ndipo akili ya Houston inaponivutia zaidi, jaji anaweza kudanganywa kuhusu shule ya msingi ya kijijini asiyoijua, ila hawezi kudanganywa kuhusu shule ya sheria. Anajua thamani ya maktaba, ya maprofesa, ya kusoma pamoja na watu ambao kesho watakuwa mawakili na majaji wenzako. Alipeleka hoja mahali ambapo msikilizaji wake alikuwa shahidi.

Wa kwanza alikuwa Donald Murray, mhitimu wa Amherst kama Houston, aliyekataliwa na shule ileile ya Maryland. Houston na Marshall walisimama pamoja mahakamani Baltimore, Juni 1935, na jaji akaamuru kijana apokelewe. Januari 1936 mahakama ya rufaa ya jimbo ikaikubali hukumu hiyo. Mwalimu na mwanafunzi wake walikuwa wameufungua mlango wa shule ambayo isingempokea mwanafunzi huyo miaka mitano nyuma.

Kisha Missouri. Lloyd Gaines aliomba kusoma sheria katika chuo kikuu cha jimbo lake, akaambiwa jimbo litamlipia ada akasome jimbo jingine. Houston alipokuwa akiwasilisha hoja mbele ya Mahakama ya Juu mwaka 1938, Jaji James McReynolds alikigeuza kiti chake akampa mgongo. Houston aliendelea kuzungumza. Desemba 12 mahakama iliamua kwa kura sita dhidi ya mbili kwamba wajibu wa Missouri ni wa Missouri. Hauwezi kuhamishiwa kwa jirani. Jimbo likajibu kwa kufungua haraka shule ya sheria ya Weusi mjini St. Louis, na kabla ubora wake haujapimwa mahakamani, Gaines alitoweka Chicago, Machi 1939. Hakuonekana tena.

Mtego ulikuwa umeshategwa hata hivyo. Kila jimbo lililojenga shule ya pembeni ili kukwepa lilizidi kuonyesha kwamba usawa wa kutenganishwa hauwezekani. Juni 5, 1950, wiki sita baada ya Houston kuzikwa, Mahakama ya Juu iliiambia Texas kwamba shule yake mpya ya sheria ya Weusi hailingani na ile ya Wazungu, kwa sababu kuna mambo ya shule yasiyohesabika: sifa yake, wahitimu wake, watu unaokutana nao ndani. Majaji walizungumza wakiwa wanasheria wanaojua shule za sheria, kama Houston alivyotaraji.

Mwaka wa kesi ya Gaines ndio mwaka Houston alioondoka makao makuu ya NAACP na kurudi Washington. Afya ilikuwa imedorora, ndoa yake ya kwanza ilikuwa imevunjika mwaka mmoja nyuma. Marshall akashika nafasi yake. Houston hakupumzika: mwaka 1944 alishinda kesi ya Steele, iliyoamua kwamba chama cha wafanyakazi wa reli kilichowaengua wachochea moto Weusi wa garimoshi kina wajibu wa kuwawakilisha wote kwa haki, na mwaka 1948 alishiriki kuangusha mikataba iliyokataza kuwauzia Weusi nyumba. Wasomaji wa Afrika Mashariki wanayo sababu nyingine ya kujali alimwachia nani kazi. Januari 1960 Marshall alikwenda London kama mshauri wa wajumbe wa Kenya katika mkutano wa Lancaster House, baada ya kualikwa na Tom Mboya na wenzake, na akaandaa rasimu ya sura ya haki. Rasimu ile haikuingia katika Katiba ya uhuru neno kwa neno. Kilichonishangaza ni kwamba wakili huyu wa Weusi alisisitiza kinga kwa wachache wa Kenya, Wazungu na Wahindi wakiwamo. Huo ulikuwa uaminifu wa mtu aliyefunzwa kwamba haki ni kanuni, na kanuni haibadilishi upande kwa sababu mwenye nguvu amebadilika.

Jambo moja bado linawatenganisha wachambuzi: je, Houston mwenyewe angefika Brown? Katika miaka yake ya mwisho, Gardner Bishop, kinyozi wa Washington, aliongoza wazazi waliokasirishwa na msongamano katika shule za watoto wao. Houston aliwatetea bila malipo, akidai usawa wa majengo na vifaa. Akiwa mgonjwa kitandani, alimwambia Bishop aende kwa James Nabrit, profesa wa Howard. Nabrit alikubali kwa sharti moja: hatadai majengo bora, ataushambulia utengano wenyewe. Kesi hiyo, Bolling, iliamuliwa siku moja na Brown. Wengine huona hapa mwalimu aliyepitwa na wakati. Mimi naona mtu aliyejua kesi inapaswa kwenda kwa nani, na shule aliyoijenga ikawa na watu wa kuipokea.

Houston hakuwa na imani kwamba hukumu zinatosha. Mara baada ya ushindi wa Maryland aliandika katika jarida la NAACP kuwaonya Weusi wasishangilie mapema, kwa kuwa kesi zisizoungwa mkono na umma zina maana ndogo. Virginia ilithibitisha onyo hilo. Katika Kaunti ya Prince Edward, wanafunzi Weusi waligoma mwaka 1951 na kuwaita Oliver Hill na Spottswood Robinson, mhitimu mwingine wa Howard. Kesi yao ikaunganishwa na Brown, wakashinda. Viongozi wa kaunti waliona afadhali kufunga shule zote za umma, kuanzia 1959, kuliko kuwachanganya watoto. Zilifungwa kwa miaka mitano, na watoto wengi Weusi walikaa bila masomo rasmi. Mawakili wakarudi mahakamani. Mei 1964 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba kaunti haina haki ya kuzifunga shule ili kukwepa Katiba, na mwaka huo wa masomo ulipoanza zikafunguliwa tena.